Mstari Uliofutwa kwenye Orodha ya Majoho

Nyumbani, 4 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Kosa wanalolifanya wanunuzi wengi wa hospitali ni kudhani kwamba kazi yao inaishia mlangoni mwa stoo. Mzigo umefika, umehesabiwa, umepangwa rafuni, basi. Hakuna anayejiuliza kitu hicho kitatoka kwa mlango gani. Mimi nilikaa kwenye kiti hicho miaka ishirini na tisa, na kosa hilo nililifanya kila Jumatatu asubuhi, tena kwa mwandiko mzuri.

Naona nimeanza na somo kabla ya salamu. Mama yako ameketi kwenye kiti chake cha dirishani na ameshanikemea: "Muulize kwanza kama mtoto hajambo, ndipo umfundishe." Basi, hamjambo? Mjukuu wetu hajambo? Sisi tumeamka. Macho ya dada yangu bado yana ukungu, kwa hiyo barua zako namsomea mimi. Masikio yangu nayo yamebaki mapambo, ndiyo maana ukipiga simu unaongea na yeye. Tukijumlishwa tunapata mtu mmoja mzima.

Hongera kwa cheo. Kuwa mkuu wa ununuzi katika hospitali ileile niliyoitumikia mimi si jambo dogo, na sikukupigia debe. Jina langu pale limeshasahaulika. Umeniandikia kwamba unataka kupunguza plastiki kwa sababu moshi wa tanuri la taka unaingia mpaka madarasani mwa shule iliyo nyuma ya ukuta. Nimefurahi. Sasa sikiliza. Kabla hujasaini ununuzi wa kitu chochote, uliza maswali matatu: kitatumika mara ngapi, kikichafuka nani atakishika, na mwisho wake ni wapi. Muuzaji anajua jibu la swali la kwanza tu. La pili liko kwa watu wa dobi na wodini. La tatu analijua mchoma taka, na huyo hakuna anayemwita kwenye kikao.

Usiguse sindano wala glavu. Hivyo vimezaliwa vife mara moja, na anayetaka kuvifufua ni muuaji. Lakini bakuli, trei, vikombe vya dawa na mikasi ya kukatia bandeji, vyote hivyo vilikuwa vya chuma kabla hujazaliwa, na vinaweza kuwa vya chuma tena.

Ila neno moja. Majoho na shuka za chumba cha upasuaji, viache kama vilivyo. Viendelee kuwa vya plastiki. Uchukue kama ushauri wa mzee.

Mjomba wako


Hospitalini, 27 Februari

Mjomba, shikamoo. Shikamoo Mama.

Sisi wazima. Mjukuu wenu ameng'oka jino la mbele na sasa anatema mate kila akisema "samaki," kwa hiyo analisema siku nzima. Baba yake amepona kikohozi. Kiti chako bado kipo, Mjomba, kinalia vilevile nikiegemea.

Nimefanya kama ulivyosema. Nilikwenda kwa mchoma taka, mzee mmoja mwembamba ambaye wauguzi wanamwita Waziri wa Moto. Nikamuuliza kwa siku anachoma nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake kwa mara ya kwanza. "Mifuko arobaini," akasema. "Na katika hiyo arobaini, ishirini na tano ni nguo zenu za kuvaa mara moja. Majoho, shuka, kofia. Zinavaliwa saa moja, mimi nazivuta kifuani mwaka mzima."

Wiki hiyohiyo akaja wakala wa kampuni inayotuuzia majoho, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, na sampuli mpya yenye picha ya jani la kijani kwenye mfuko. Metroni alikuwepo. Unamkumbuka kwa sifa, nadhani: sauti yake inasikika kabla yake.

"Hili jani linamaanisha nini?" nikamuuliza.

"Linaoza lenyewe, dada. Rafiki wa mazingira."

"Linaoza baada ya muda gani?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Namna mtakavyolitupa."

Metroni akacheka mpaka miwani ikashuka. "Kwa hiyo lisipooza kosa ni letu! Kijana, hata mimi nikitupwa vizuri nitaoza."

Mjomba, ndiyo maana siwezi kukuelewa. Mifuko ishirini na tano kati ya arobaini ni majoho na shuka, na hivyo ndivyo unavyoniambia nisiviguse. Mashine ya mvuke ya kuulia vijidudu ipo, dobi lipo, na mkuu wa dobi ni mama mmoja makini anayekunja shuka kama anafunga barua ya posa. Mganga mkuu amekubali nijaribu. Nimetafuta jalada la mwaka ambao hospitali iliacha nguo za kufuliwa ikahamia plastiki, nijue kwa nini. Majalada ya miaka mingine yote yapo. La mwaka huo halipo.

Je, unayo nakala ya orodha mliyokuwa mkiagizia enzi za nguo? Aina ya kitambaa, ukubwa wa vifurushi, na vitu vinavyoandamana navyo. Itanipunguzia kubahatisha. Na kwa nini mliacha?

Mpwa wako


Nyumbani, 3 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya goti. Daktari anasema ni uzee. Mimi nasema goti la pili lina umri uleule na halilalamiki. Mama yako hajambo. Habari ya jino imemfurahisha, amenifanya niisome mara mbili. Paa la jikoni tumeliziba.

Umemjibu wakala vizuri. Hapo nikuongezee kidogo. Picha ya jani si ushahidi. Mwambie muuzaji akuletee kwa maandishi: bidhaa imetengenezwa kwa nini, ikichomwa inatoa nini, na nani aliyepima. Na usimpe zabuni mpaka akubali kupunguza vifungashio. Nimewahi kupokea kikombe kimoja cha dawa ndani ya mfuko, ndani ya kasha, ndani ya boksi, kama bibi harusi. Muuzaji akijua unatazama ganda, atabadilisha ganda. Asipotazamwa na mtu, anauza ganda.

Kuhusu kitambaa, chagua pamba iliyosokotwa kwa kubana, ya rangi iliyopooza ili damu na madoa vionekane. Kila joho lishonwe alama pembeni kila linapofuliwa, ujue limezeeka. Likichoka, likatwe kuwa vitambaa vya kufutia sakafu. Hivyo ndivyo kitu kinavyoishi maisha yake yote.

Orodha uliyoiomba nimeikuta kwenye daftari langu la zamani. Nimeinakili, iko nyuma ya karatasi hii. Ni ile tuliyoitumia mwaka wa mwisho wa nguo.

Umeuliza kwa nini tuliacha. Mambo ya zamani, mpwa wangu. Nyakati zilibadilika, plastiki ikaja, kila mtu akaitaka. Jalada pengine limeliwa na mchwa. Stoo ile ilikuwa na mchwa waliosoma kuliko sisi.

Mjomba wako


Hospitalini, 30 Aprili

Mjomba, shikamoo. Mwambie Mama shikamoo yake iko hapa na busu la mjukuu.

Goti linaendeleaje? Nimepata dawa ya kuchua, nitaituma na mtu atakayepita huko. Sisi salama. Mtoto ameanza kuogelea, maana yake anakunywa maji mengi ya bwawa na kurudi nyumbani akiwa ameshiba.

Orodha yako imekuwa dira yangu. Niliifuata mstari kwa mstari: kitambaa, uzi, kamba za kufungia, mkanda wa kubandika nje ya kifurushi, ule wenye mistari inayogeuka myeusi ukipita kwenye mvuke. Tumeanza wiki ya pili ya Aprili. Waziri wa Moto alikuja ofisini kwangu kwa miguu yake kunitangazia: mifuko kumi na saba. Kutoka arobaini! Mwalimu mkuu wa ile shule ametuma salamu kwamba sasa wanafungua madirisha ya upande wetu. Mama wa dobi anajidai kama amejifungua mapacha. "Mimi hiki kitambaa nakijua," anasema. "Plastiki ilikuwa inanidharau."

Kuna jambo dogo. Wazazi wawili waliofanyiwa upasuaji wa kujifungua vidonda vyao vimeota usaha. Huwa inatokea. Metroni anasema tusubiri. Lakini nimeona nikuandikie.

Uliwahi kuliona hili?

Mpwa wako


Hospitalini, 16 Mei

Mjomba, shikamoo.

Barua yangu ya mwezi uliopita sijapata jibu lake. Natumaini goti halijakulaza. Sisi tuko.

Wazazi sasa ni watano. Mmoja, binti wa miaka ishirini na mitatu, mtoto wake wa kwanza, amerudishwa chumba cha upasuaji mara mbili na yuko wodi ya uangalizi. Mume wake anakaa kwenye ngazi nje ya ofisi yangu. Hanisemeshi. Hajui mimi ni nani, anakaa pale kwa sababu pana kivuli. Kila nikitoka namruka miguu na kumwambia samahani.

Mganga mkuu ameunda kamati. Jana wamemsimamisha kazi mama wa dobi. Alikuja kwangu ameshika funguo za kabati lake. "Mama," akaniambia, nami ni mdogo kwake, "mimi nguo zangu nimezifua. Maji ya moto, sabuni, kusuuza mara tatu. Niambie nilichokosea, nikubali." Yule wakala wa majoho yenye jani anaonekana kwenye korido kila siku, anawasalimia wajumbe mmoja mmoja. Nasikia kamati ikikutana mwisho wa mwezi itarudisha plastiki yote, na dobi litafungwa kabisa.

Jumapili nilimpigia Mama. Nikamwambia mama wa dobi amesimamishwa kwa sababu ya vidonda. Akasema: "Muulize mjomba wako. Yeye ndiye aliyekuwa na kalamu."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja siku Mama aliporudi kutoka kazini saa nne asubuhi, akavua viatu, akaanza kufua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Alituambia amechoka na kazi za watu. Nilijua alifanya kazi dobi la hospitali. Sikujua zaidi ya hapo, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Nakuuliza, Mjomba. Mliacha nguo kwa nini?


Nyumbani, 22 Mei

Mpwa wangu,

Hatujambo. Barua hii hajasomewa mama yako, wala ile yako ya tarehe kumi na sita sikumsomea yote. Barua ya Aprili niliipata kwa wakati. Goti halikuwa na hatia.

Nitakueleza kwa mpangilio, kwa sababu ndivyo ninavyojua kueleza, na kwa sababu unahitaji kuelewa haraka.

Ule mkanda wa nje unaogeuka rangi haukwambii kwamba kifurushi kimetakasika. Unakwambia tu kwamba kifurushi kimepita kwenye joto. Ni kama vumbi kwenye kiatu: linaonyesha mtu ametembea, halionyeshi alifika. Joho la pamba ni nene. Ukiyakunja kumi pamoja, ukayabana kwa kamba na kuyashindilia mashineni, mvuke unazunguka nje na katikati haufiki. Nje pamegeuka peusi, ndani vijidudu vinasinzia kwa raha. Mikasi michache kwenye trei haina shida hiyo, ndiyo maana miaka yote hii mashine yenu imeonekana nzima.

Dawa yake ni kikaratasi. Ni kipande kidogo kama kidole, kinawekwa katikati kabisa ya kifurushi, na anayefungua kifurushi mezani, kabla hajagusa kitu, anakitazama. Kisipogeuka rangi, kifurushi kizima kinarudi. Sisi tulikuwa navyo. Vilikuwa mstari wa tisa kwenye orodha.

Mwaka ule niliambiwa nipunguze manunuzi yasiyo ya lazima, na mimi nilikuwa na sifa ya kupunguza. Nikaona mkanda nje, kikaratasi ndani, nikasema ni kitu kimoja kununuliwa mara mbili kisha kutupwa mara mbili. Nikapiga mstari juu ya mstari wa tisa. Sikumuuliza mtu wa dobi wala muuguzi wa upasuaji. Nilijisifu kikaoni kwamba nimepunguza takataka.

Baada ya miezi mitatu vidonda vikaanza. Wagonjwa wanane. Fundi wa mashine akafungua kifurushi kilichotoka kwenye mvuke muda huohuo, akaingiza mkono katikati, akaniita tuwe wawili tu. "Bwana Stoo," akasema, "shika. Huku nje panaunguza, humu ndani pamelowa na pana baridi. Vile vikaratasi vyako vingekwambia." Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa nikaingia kwenye kamati, wakauliza mnunuzi ana maoni gani, nikasema: huenda nguo hazifuliwi vizuri.

Sikusema zaidi ya hapo. Hawakuhitaji zaidi. Mkuu wa dobi alikuwa dada yangu. Kazi ile nilimtafutia mimi. Alisimama mbele yao akasema nguo zake ni safi, akanitazama, nami nikatazama karatasi zangu.

Wakamfukuza. Hospitali ikahamia plastiki, nikasifiwa kwa kuwa wa kisasa, na lile tanuri likajengwa kuimeza hiyo plastiki. Jalada halikuliwa na mchwa. Nililichukua.

Ulipoomba orodha, nililifungua daftari. Mstari wa tisa upo, umefutwa kwa wino wangu. Nilinakili wa nane, kalamu ikasimama. Ningeuandika ulivyo, ungeniuliza kwa nini ulifutwa. Nikaandika wa kumi nikaupa namba tisa. Nilikwambia usiguse majoho kwa sababu nilijua hatari iliyopo, na ulipoyagusa nikakuacha uingie humo bila taa. Ulipoandika kuhusu wazazi wawili nilijua siku hiyohiyo. Nikakaa karibu wiki tatu na barua yako mfukoni.

Ukipata karatasi hii, usikae kuisikitikia. Zuieni kila kifurushi kilichofungwa. Upasuaji wa dharura utumie majoho ya plastiki mliyobakiwa nayo. Chukua kifurushi kilichotoka sasa hivi kwenye mashine, kifungue mbele ya metroni na mganga mkuu, waambie waingize mkono katikati. Halafu fungeni vifurushi vidogo, visimame wima kama vitabu rafuni, visishindiliwe, na agiza vikaratasi.

Mjomba wako


Hospitalini, 11 Juni

Mjomba,

Mtoto hajambo.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na saba, siku mbili kabla ya kamati. Tulifungua kifurushi mchana uleule. Metroni aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa umelowa, akamwonyesha mganga mkuu. Vikaratasi tuliazima kutoka hospitali ya jirani. Katika vifurushi sita vikubwa, vikaratasi vinne vya katikati havikugeuka. Katika vidogo vilivyosimamishwa, vyote viligeuka. Hakuna kidonda kipya tangu siku hiyo. Plastiki haitarudishwa na dobi halitafungwa. Wakala ameacha kupita.

Yule binti ameishi. Ameondolewa kizazi. Mume wake alinishukuru, Mjomba. Alinishukuru mimi, akanishika mikono yote miwili, kwa sababu aliona natembea sana siku zile.

Sasa nina ripoti mbele yangu. Mganga mkuu ameiandika mwenyewe. Inasema chanzo hakikuweza kuthibitishwa, na kwamba taratibu zimeboreshwa. Mama wa dobi atarudi kazini, ila kwenye faili lake itabaki karatasi ya onyo, "kwa tahadhari." Nilimuuliza mganga mkuu, tahadhari ya nini?

"Dada," akasema, "wewe ndiye uliyeagiza bila vikaratasi. Ukitaka ukweli wote uandikwe, utaandikwa na jina lako. Mimi nakukinga. Yule mama atarudi kwenye mshahara wake, nini tena anataka?"

Anataka sahihi yangu kufikia Ijumaa ya wiki ijayo. Nimeisoma ile ripoti mara nyingi. Ina lugha nzuri. Nina mtoto, nina cheo cha miezi minne, na nilifuata orodha niliyopewa na mtu niliyemwamini. Sitaki kukuandikia maneno mengine. Kalamu iko mezani.


Nyumbani, 15 Juni

Mpwa wangu,

Nafurahi mtoto hajambo. Namtuma mtu na barua hii ikufikie Jumatano, kabla ya Ijumaa yao.

Jana nilimsomea mama yako barua zote, zako na zangu, bila kuruka. Alikuwa anatafuta kwa vidole tundu la kifungo kwenye blauzi. Nilipofika kwenye Ijumaa ya kamati, aliacha. Nikamaliza, nikasubiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nimejiandaa kwa matusi.

"Fundi alikwambia Alhamisi?" akauliza.

Nilimsikia vizuri, ingawa hakupaza sauti. Nikasema ndiyo.

"Miaka yote nilidhani hukujua. Nilidhani uliogopa tu, kama watu wanavyoogopa. Nilikuwa nikifua hata mapazia, nikitafuta nilikosea wapi." Akafunga kile kifungo. "Ungesema mwaka wa pili, leo ningekuwa nimekusamehe muda mrefu. Sasa ndiyo naanza. Usinihimize."

Chai yangu nachemsha mwenyewe siku hizi. Ni haki.

Nakuandikia kwa sababu sentensi aliyoiandika mganga mkuu naijua. Ina upole. Haimtaji mtu, na karatasi ya onyo ni ndogo. Anayesaini hadhani kwamba mama mwingine atakwenda nayo nyumbani, atajipekua kwayo kila siku, na kwamba yeye mwenyewe atalazimika kumkwepa macho mezani kwa miaka ishirini na miwili. Kingine: ripoti isipotaja vikaratasi, mnunuzi ajaye ataviona kwenye orodha, atajiuliza ni vya nini, na kama ni mtu mwenye bidii ya kupunguza taka, atavifuta.

Nimeweka humu maelezo yangu yenye jina langu kamili na tarehe, na ukurasa wa daftari wenye mstari wa tisa. Sikusema uwongo kukukinga: orodha ni yangu, agizo ni lako, na wewe ulifungua kifurushi siku ileile ulipojua. Huenda wakakushusha cheo. Sitakuahidi vinginevyo. Nilikuwa na cheo mpaka siku ya mwisho, na unaona nilivyokaa nacho.

Andika ripoti upya kwa mkono wako. Na leo, kabla hujampelekea mganga mkuu, nenda kwa mama wa dobi, kaa naye chini, umsomee yote neno kwa neno.

Mjomba wako